Mlango wa Bi Kulthum, Nyumba ya Bi Rawiya

Ukitoka Ngome, hapa Lamu, Amu kwa wenyewe, ukaishika njia kuu, ile sisi tuiitayo usita wa mui, ukaelekea kaskazini, utayapita maduka ya masonara, utampita mshona kofia aliyekaa mlangoni pake akimkagua kila apitaye, kisha utaingia kichochoro cha mkono wa kushoto ambacho punda na mtu hawapishani. Mmoja wenu itabidi apande daka la nyumba ya watu, lile benchi la mawe la mlangoni, na punda hapandi. Songa mbele. Pale utakapoingia kivulini ghafla, inua macho. Hilo ni wikio, chumba kizima kilichojengwa juu ya njia, kikaunganisha ghorofa ya nyumba ya huku na ghorofa ya nyumba ya kule, ili wanawake wa nyumba mbili watembeleane bila kushuka njiani penye punda na wapita njia. Chini ya wikio hilo, mkono wa kulia, ndipo ulipo mlango wa Bi Kulthum.

Mlango wenyewe nimwachie Hamdun auelezee. Yeye ndiye mwongoza watalii wa upande wetu, na umri wa mlango ule anao yeye peke yake. Wageni wakishangaa kidogo, una miaka mia mbili. Wakishangaa sana na kutoa simu zao, una mia tatu. Ni mlango mzuri, sikatai. Nakshi zake zimechongwa mpaka kwenye kizingiti cha juu, na mbao zake zimekuwa nyeusi kwa mafuta na mikono ya watu.

Mlango wa pili, unaotazamana na huo, ni wa mbao tupu zilizopakwa rangi ya kijani. Huo ni wa Bi Rawiya. Sijamwona mtu akiupiga picha, na Hamdun huupa mgongo anapotoa hotuba yake.

Mimi ni jirani wa Bi Rawiya, ukuta kwa ukuta. Niliyoyasikia nimeyasikia mwenyewe, na mengine nimeambiwa na wenye mambo yao. Nayasimulia kwa sababu watu wa Mkomani tunajisifu sana kwa mtaa wetu, kwa mawe yetu na chokaa yetu, na nimechoka kusikia sifa hizo nusu nusu.

Baba yao Bi Kulthum na Bi Rawiya ni mmoja, marehemu Mzee Abdulqadir. Mama zao ni wawili. Mamake Kulthum alikuwa mwenye nyumba ile kubwa, binti wa ukoo, aliyezaliwa humo na kuolewa humo. Maana kwetu mwana wa kike hatolewi kwao. Nyumba ni yake, na mume ndiye ajaye na sanduku lake la nguo, akaingia kwa mkewe. Mamake Rawiya alitoka Chundwa, kisiwani Pate, akaja kupika katika nyumba hiyo hiyo, na baadaye Mzee Abdulqadir akamuoa. Mtaa ulisema ulivyosema. Mzee hakujibu mtu. Alijenga nyumba ndogo ng'ambo ya kichochoro kwa ajili ya binti yake wa pili, akaitobolea wikio, akasema hataki watoto wake watenganishwe na njia ya punda.

Kwa hiyo wasichana wale walikua wakipita hapo juu kutwa kucha. Ila kupita kwao hakukuwa sawa. Kulthum alipita akienda kula. Rawiya alipita akipeleka. Hakuna aliyelipanga hilo, lakini hakuna aliyelipangua, na walipokuwa watu wazima likabaki vivyo hivyo. Kulthum aliolewa, akampata binti yake Hayat, akafiwa na mume. Rawiya aliolewa akaachwa, hakupata mtoto, akamlea Hayat kama aliyemzaa yeye. Mtoto akiwa na homa, alilala kwa Mama Rawiya. Mtoto akifaulu mtihani, alipigiwa vigelegele na mamake mzazi, darini, juu ya paa, mtaa mzima ukasikia.

Sasa nyumba kubwa. Nyumba za mawe ya matumbawe hazitaki makuu, zataka kuangaliwa tu. Dari ikivuja unaiziba mapema, chokaa ikibabuka unapaka, na boriti, yale magogo ya mikoko yanayobeba sakafu, ukiona unga wa mchwa chini yake unamwita fundi siku hiyo hiyo. Rawiya alimwita fundi kila mwaka. Kulthum hakumwita hata mara moja. Usidhani alikosa cha kumlipa. Aliogopa mdomo wa fundi kuliko alivyoogopa mvua. Fundi akiingia ataona, akitoka atasema, na mtaa utajua kwamba nyumba ya Mzee Abdulqadir inavuja kama kibanda cha makuti. Bora ivuje kimya kimya.

Ikavuja kimya kimya mpaka masika ya mwaka mmoja, alfajiri, sakafu ya juu ikaanguka karibu yote, kutoka chumba cha ndani mpaka karibu na ngazi, na vumbi likatoka kwa madirisha. Alhamdulillahi hakufa mtu. Hayat na mamake walikuwa wamelala kwa Rawiya kwa sababu ya mvua hiyo hiyo. Kishindo kile kilimwamsha hata mshona kofia. Asubuhi nikamuuliza Bi Kulthum kama yu salama, akanijibu kwamba punda wa watu alimwaga mzigo wa mawe. Nikasema, masikini punda. Hilo nililisema mimi, kwa kinywa changu, nikiwa na vumbi la boriti zake kwenye kanga nilizojitanda.

Tangu siku hiyo akaishi kwa Rawiya. Lakini kila asubuhi alivuka wikio kurudi kwake. Kipande cha mbele kilisalimika, yaani mlango, ukumbi wa chini, ngazi, na kile kipande cha juu kinachokuingiza kwenye wikio. Alishuka ngazi zile kwa buibui safi, akafungua ule mlango mkubwa kutoka ndani, akanyunyizia maji daka lake, akasimama kutusabahi. Nasi tukamsabahi. Hamdun akaleta wageni wake. Mtaa mzima tulijua, na mtaa mzima tulisaidia kuficha, tukajiona watu wenye adabu sana.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka, hadi Hayat alipochumbiwa.

Kijana mwenyewe aliitwa Abubakr, muuguzi kule Faza, kisiwani Pate, na kwao ni Kizingitini, kisiwa hicho hicho. Walijuana Hayat alipokwenda kufundisha shule ya watoto huko. Bi Kulthum alipopata habari aliuliza jambo moja tu, kwamba Kizingitini kuna nini zaidi ya samaki. Hayat akamjibu kwamba kuna Abubakr. Wajomba wakapelekewa posa wakaipokea, maana kijana hana ila. Ikabaki ile ziara ya wanawake. Kwa desturi, mamake mume huja na jamaa zake kuiona nyumba ambayo mwanawe ataingia. Hawaji kukagua, Mungu apishe mbali. Huja kunywa kahawa tu. Lakini macho yao hayakai kwenye kikombe.

Mamake Abubakr ni Bi Zamzam, mwanamke anayenunua kamba mawe kwa wavuvi na kuwauzia wenye mahoteli, ana boti mbili za injini na simu isiyolala. Bi Kulthum alikuwa akimsema kwa tashtiti, kwamba buibui lake lanuka bahari. Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa anakuja kukalia mkeka wake, na mkeka hauna sakafu.

"Watu wa Kizingitini wataya Alkhamisi," Bi Kulthum alimwambia Rawiya jikoni. "Wataka kuiona nyumba."

"Waambie nyumba imeanguka," Rawiya akasema. "Ni nyumba ngapi zimeanguka Amu hini? Si aibu."

"Kwako si aibu."

Rawiya akaendelea kuchagua mchele. Ndipo Bi Kulthum akautoa mpango wake, na nitakiri ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili. Wageni watapiga hodi kwenye mlango mkubwa. Watapanda ngazi zile kubwa. Kule juu, penye shimo, patatundikwa pazia zito, na pazia litawaelekeza kushoto, kwenye wikio. Watavuka bila kujua wamevuka, maana wikio limetandikwa na lina madirisha kama ukumbi mwingine wowote. Watakaa kwa Rawiya wakidhani wako kwa Kulthum. Watatazama zile zidaka, vile vishimo vya ukutani vilivyopangwa mabakuli ya kichina, watatazama chokaa, watakunywa, na watakwenda zao.

"Na Hayat akisha kuolewa? Mume ataingia wapi?"

"Akisha kuolewa, amekwisha kuolewa. Tutasema twatengeneza."

"Na mimi?" Rawiya akauliza. "Hiyo Alkhamisi, mimi n'kae wapi?"

Bi Kulthum alikuwa hajalifikiria hilo. Akasema, "Wewe utakuwapo. Utatukaribisha."

Ikawa hivyo. Alhamisi baada ya alasiri Bi Zamzam alikuja na dada zake wawili. Nilikuwa dirishani, na sioni haya kusema nilikuwa dirishani. Walisimama chini ya mlango wakautazama, wakagusa nakshi. Hamdun alikuwepo na wageni wake, akaongeza miaka mia papo hapo. Bi Kulthum akafungua mwenyewe, amependeza, amenukia udi, na kwa nusu saa nzima nikamwombea Mungu amsitiri.

Pazia likafanya kazi yake. Wikio likafanya kazi yake. Wageni wakaketi chini ya zidaka za Rawiya, wakasifu weupe wa kuta, wakasifu dari iliyonyooka, wakasema nyumba za mawe kule kwao zimekwisha na watu wamejenga za matofali. Bi Kulthum akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujisifu, kwamba nyumba yahitaji mkono. Hayat alikuwa chumba cha pili nyuma ya mlango, kama apaswavyo bibi arusi mtarajiwa, anasikia kila neno.

Ndipo Rawiya akaingia na sinia. Kahawa ya tangawizi, kaimati, halua, mkate wa sinia. Alikuwa amevaa kanga za nyumbani, maana alitoka jikoni moja kwa moja, na uso wake ulikuwa na jasho. Aliwapa mikono wageni wote mmoja mmoja, akainama akaanza kumimina.

"Na bibi huyu ni nani kwenu?" Bi Zamzam akauliza, kwa wema kabisa.

Fikiria kilichompitia Bi Kulthum. Akisema huyu ni ndugu yangu, basi wageni wataulizia kwake ni wapi, maana kwetu kila binti ana nyumba yake, na haiwezekani waje kuposa nyumba hii wasipige hodi kwa mama mdogo wa bibi arusi. Hiyo ni desturi, na kuiacha ni tusi. Watasimama sasa hivi, wavae viatu, waseme tupeleke tukamsalimu kwake. Na kwake ndipo hapa walipokalia. Jibu lilikuwa halina pa kupita. Kwa hiyo Bi Kulthum akatazama kikombe chake akasema:

"Huyu... huyu hunisaidia kazi za nyumba."

Kahawa haikumwagika. Rawiya alimaliza kikombe alichokuwa akimimina, akamimina cha pili na cha tatu, akaweka birika mahali pake. Aliondoka na kurudi na maji ya kunawa. Wageni walikula, wakazungumza habari za arusi, wakakubaliana mwezi. Kila kitu alichokitaka Bi Kulthum alikipata. Mwisho, walipokuwa wakiinuka, Bi Zamzam akamshika mkono.

"Bi Kulthum, nina ombi moja, usinikatalie. Huyu mtu wako abaki hapa na watoto wakishaoana. Nyumba safi hivi, kahawa tamu hivi, ni mkono wake, naona. Mwanangu atahitaji mtu kama yeye."

Bi Kulthum akacheka kidogo. Hakuweza kufanya zaidi. Na Bi Zamzam akageuka, akafungua pochi, akakunja noti, akamtia Rawiya kiganjani, akamfumbia vidole vyake kama tunavyowafanyia watu wa kazi siku ya sikukuu. "Ya sabuni, bibi."

"Ahsante, Bi," Rawiya akasema.

Alikuwa katika nyumba aliyojengewa na baba yake, amesimama chini ya dari aliyoilipia yeye, anashukuru kwa hela ya sabuni. Na ndugu yake alikuwa pembeni akitengeneza mtandio.

Wageni walipokwisha kushuka, Bi Kulthum alifunga mlango mkubwa, akapanda ngazi, akavuka. Vyombo vilikuwa vimebaki pale pale mkekani. Mlango wa chumba cha Rawiya ulikuwa umefungwa. Hayat alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, umesema nini?"

"Ni neno tu, mwanangu. La kupitisha siku."

"Yule ndiye aliyenilea. Nilikuwa nyuma ya mlango nikasema sasa hivi atasahihisha, sasa hivi. Mpaka wakavaa viatu." Hayat alijifuta kwa mkono. "Basi mimi siolewi. Ukitaka waambie nimepatwa na jini. Siwezi kuingia kwa watu ambao mama yangu mdogo ni mtumishi wao."

Bi Kulthum akampandishia sauti, akamwita mjinga, akasema yote haya ni kwa ajili yake. Nilisikia kila neno ukutani. Kisha nikasikia Hayat akifunga mlango wa chumba chake. Hapo, nadhani, ndipo aibu ilipompata sawasawa, maana hakuwa na mtu wa kumfokea tena. Maisha yake yote alikuwa ameogopa aibu ya kuonekana na watu. Hii ya sasa hakuna aliyeiona ila yeye na watu wake wawili, na hiyo ndiyo iliyomlaza macho wazi. Alijisikia mchafu. Aliniambia mwenyewe kwamba alioga mara mbili.

Asubuhi hakufungua mlango mkubwa. Alishuka kwa mlango wa kijani, mara ya kwanza mimi kumwona akifanya hivyo, akatoka kichochoroni mchana kweupe. Mimi nilikuwa nafagia. Akasimama mbele yangu.

"Nyumba yangu imeanguka," akaniambia.

"Nayua, Bi Kulthum," nikasema.

"Mwayua nyote?"

"Twayua sote."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nikabaki na ufagio wangu, nami uso ukanipata moto. Kama siku ile ya vumbi ningemwambia pole badala ya kumsikitikia punda, pengine angeita fundi, pengine asingehitaji pazia. Sisi watu wa Mkomani tuna adabu ya kumwacha mtu azame kwa heshima zake.

Bi Zamzam alikuwa amefikia kwa binamu yake, mtaa wa Langoni, upande wa pili wa mji. Bi Kulthum si mtu wa kushuka Langoni. Kwa wenyewe wa kaskazini, Langoni ni mtaa wa wageni, wa maduka na wa watu waliokuja juzi, hata kama juzi hiyo ni enzi za babu zao. Alikwenda kwa miguu. Alipita chini ya mawikio ya watu wengine. Alipita mbele ya masonara ambao wote walimwamkia, na kila salamu, alisema, ilimpiga kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima akasifiwa nayo. Alipita uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, wazee wamekaa, wakainua mikono kumtaja baba yake kwa rehema. Baba yake aliyetoboa ukuta ili watoto wake wasitenganishwe. Hapo, alisema, alitamani ardhi ipasuke.

Alimkuta Bi Zamzam barazani akigombana na hoteli ya Mombasa kwenye simu. Alingoja amesimama mlangoni, kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na hakuketi hata alipokaribishwa.

"Ile nyumba uliyokaa yana si yangu," akasema. "Yangu ni mlango tu na ngazi. Nyuma ya lile pazia hakuna kitu, ni shimo. Nyumba ni ya nduu yangu. Baba yetu mmoja. Ndiye yule aliyekutilia kahawa."

Bi Zamzam alizima simu. Akaleta kiganja chake mbele ya macho yake, kile cha kulia, akakitazama.

"Yule niliyempa noti?"

"Ndiye."

"Nimempa noti, nyumbani mwake." Bi Zamzam alijifunika uso kwa ncha ya buibui. "Ya sabuni, nikamwambia. Ee Mola wangu! Bi Kulthum, umenifanyia nini? Sakafu si kitu, mwanangu amezaliwa nyumba ya makuti. Lakini mimi mama huyu nitamtazama kwa jicho gani?"

Bi Kulthum alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa kuvunjiwa posa. Hakuwa amejiandaa kuona kwamba aibu yake imemwangukia mwanamke mwingine asiye na kosa. Alilia pale pale, barazani, watu wa Langoni wanapita. Mwisho wakakubaliana kwamba posa iko pale pale, kama Hayat mwenyewe ataridhi. Vijana watakaa Faza, katika nyumba za wafanyakazi. Hayat atakuwa binti wa kwanza wa ukoo ule kutoka kwao kumfuata mume, na Bi Kulthum akalikubali hilo pia. Bi Zamzam akaahidi kuja kumtaka radhi Rawiya, Ijumaa ijayo, na safari hii atapiga hodi mlango wa kijani.

Akarudi Mkomani amepungukiwa na mzigo. Ndivyo alivyosema. Alimwita Hayat akamweleza, na Hayat akamkumbatia, akasema ataolewa, lakini sharti Mama Rawiya aombwe radhi kwanza, na kwa kinywa cha mamake mwenyewe. Bi Kulthum akasema ndiko aendako sasa hivi. Na kweli alikuwa na hamu ya kwenda. Alikwisha kusema la kweli mara mbili siku ile, na akaona ulimi umezoea.

Alipita ukumbini. Vile vyombo vya jana vilikuwa bado pale mkekani, vikombe vimekaukia mashapo, sisimizi wameanza kaimati. Jambo hilo halijapata kutokea katika nyumba hiyo. Akainama, akavikusanya vyote kwenye sinia, akapanda nalo mpaka jikoni, ambako kwetu ni juu, darini. Rawiya alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele, na ile noti ilikuwa imewekwa juu ya ukuta mdogo chini ya kijiwe, isipeperuke.

"Nimetoka Langoni," Bi Kulthum akasema. "Nimemwambia Zamzam. Nimemwambia weye u nani, na nyumba ni ya nani. Nimekuya kukutaka radhi, Rawiya. Nalisema urongo juu yako mbele ya watu, na sijui nalithubutu vipi."

Rawiya aliweka ungo chini.

"Hukusema urongo," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Urongo ni upi? Nani apikao humu? Nani afuao nguo zako? Tangu baba yu hai, chai yako nani akuleteao kitandani? Nami nikikaa nikisema, ni nduu yangu, watu na nduu zao husaidiana. Siku moya nilitaka kulisikia hilo kinywani mwako, mbele ya watu. Yana ukaulizwa mimi ni nani. Ukafikiri kidogo, ukatoa jibu la kweli."

"Si kweli. Wallahi si kweli, Rawiya."

Macho ya Rawiya yalishuka kutoka usoni kwa dadake mpaka mikononi mwake, kwenye sinia la vikombe vichafu, na kwa mazoea tu, kabla hajajizuia, akanyoosha mikono yake yote miwili kulipokea.

Wakabaki wamelishika wote wawili. Bi Kulthum akalitazama sinia, akaelewa kwamba amepanda ngazi zote zile kuja kuomba msamaha, na njiani amemletea vyombo avioshe. Hakumbuki alivyoviokota. Mikono yake ilijiendea yenyewe.

Akalivuta sinia kwake. Rawiya akaachia. Bi Kulthum akageuka huku na huku darini, anatafuta pa kwenda nalo, uso umemwiva, machozi yanamdondokea vikombeni. Alikuwa amekula katika nyumba ile tangu utotoni na kulala humo kwa miaka, na ikabidi amuulize ndugu yake vyombo huoshewa wapi.